Siku Nilipovua Viatu Mezani

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, nikueleze kosa langu kwanza, maana sitaki mtu anihurumie kabla hajajua nilichofanya.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nakaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, ile ambayo gari la kufundishia linayo upande wangu ili mwanafunzi asije akatuua wote. Mtaani wananiita Mwalimu Bado. Mwanafunzi akiniuliza kama yuko tayari kwenda kwenye mtihani, jibu langu ni hilo hilo moja.

Binti yangu Kinda, mwenye miaka kumi na sita, amepata nafasi ya kusoma ng'ambo miaka miwili, gharama zote juu yao. Shule ikatuma fomu ya wazazi, tena kwa Kiswahili, ili mzazi asije akasema hakuelewa. Mama yake akasaini siku hiyo hiyo. Mimi nikaichukua nikasema nitaijaza kwa utulivu.

Swali la kwanza lilikuwa: kwa maoni ya mzazi, mtoto yuko tayari kuishi mbali na nyumbani? Nikaandika: Bado.

Mkono nao una mazoea yake. Pale penye maelezo nikajaza kama ninavyojaza kadi za wanafunzi wangu: anajiamini kupita kiasi, hatazami kushoto na kulia, anahitaji mazoezi zaidi. Nikapiga picha kurasa mbili za mwanzo nikazituma. Ukurasa wa tatu hata sikuutafuta. Kisha nikaketi kula na familia yangu na kuuliza kwa sauti ya mtu mwema, "Hawa watu wa shule mbona wako kimya?"

Wengi mmeniandikia baada ya kusoma hayo. Mmoja kaniita mchawi. Sikatai. Ila hata mchawi ana sababu zake, na sababu yangu ni mwanangu wa kwanza.

Huyo nilimpeleka ng'ambo mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba. Siku hizo neno bado nilikuwa silijui. Nilijigamba mtaa mzima, nikamnunulia sanduku jekundu ili kila mtu alione likitoka nyumbani kwangu. Akarudi baada ya miezi kumi na minne, kakonda, maneno kayaacha huko huko. Miaka sita sasa anatengeneza feni na pasi katika chumba cha uani, na watu wanamwita Kimya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa tuendelee.

* * *

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Kwenye usukani alikuwepo Bibi Mhazili, mwenye miaka sitini na mitatu, mhazili mstaafu ambaye kaamua kujifunza gari baada ya kuchoka kubebwa na wakwe. Mwezi wa kumi na moja huo nilikuwa naye. Kiti cha nyuma alikaa Kinda. Nilikuwa namshusha studio akapige picha za pasi ya kusafiria, zile zile za safari niliyokwisha kuiua. Uso wangu ulikuwa mkavu kabisa.

"Mwalimu," akasema Bibi, "leo ni siku ya viatu?"

"Bado, Bibi."

Nieleze hili la viatu. Mwanafunzi akiiva, siku moja bila kumwambia navua viatu, naviweka juu ya dashibodi, nakunja miguu kitini kama mtu aliyeketi mkekani. Hapo anajua hakuna mtu kwenye breki, gari ni lake. Wengine hulia. Mmoja alisimamisha gari akanikumbatia. Wakishatoka hapo, hakuna aliyewahi kufeli mtihani, na ndiyo maana nimekuwa bahili wa kuvua.

"Bibi, usikate tamaa," Kinda akamtania kutoka nyuma. "Hata mimi mwanawe sijawahi kuziona soksi zake."

Tukacheka. Ndicho kicheko cha mwisho katika hadithi ya leo, kifurahieni.

Tulikuwa tunaingia kwenye mzunguko mkubwa, magari pande zote. Simu yangu imebanwa pale kwenye dashibodi, na nimeiwekea utaratibu wa kusoma ujumbe kwa sauti. Kila siku nawahubiria wanafunzi kwamba macho ya dereva ni ya barabarani, si ya simu, basi nikaona mwalimu aanze yeye. Nilijivunia sana ujanja ule.

Simu ikalia kidogo. Kisha ile sauti yake ya bati ikaanza.

"Ujumbe kutoka Ofisi ya Wanafunzi Wapya. Mzazi mpendwa. Tumepokea kurasa mbili za fomu yako."

Nikanyoosha mkono niizime. Mkanda ukanikaba shingo. Nikarudi kitini kama niliyepigwa kofi.

"Umeeleza kwamba binti yako bado hayuko tayari. Umeeleza kwamba anajiamini kupita kiasi na hatazami kushoto na kulia. Tunaheshimu maoni ya mzazi."

"Bibi, tazama mbele!" nikapiga kelele.

"Natazama mbele," akasema Bibi Mhazili. "Masikio ndiyo yako huku."

"Ukurasa wa tatu, unaojazwa na mtoto mwenyewe, haujafika. Ikiwa maoni yako yamebadilika, tuma fomu kamili kabla ya kesho saa sita mchana. Baada ya hapo, nafasi itapewa mwingine. Mwisho wa ujumbe. Je, ungependa kujibu?"

Mguu wangu ukashuka. Siwezi kusema niliutuma, ulishuka wenyewe, kama ulivyoshuka miaka ishirini na mbili. Gari likasimama katikati ya mzunguko na injini ikazimika. Honi zikatuzunguka.

"Baba." Sauti ya Kinda ilikuwa ndogo. "Ni nani kaandika hivyo?"

"Tutazungumza nyumbani."

"Nimeuliza ni nani."

Nikaitazama simu badala ya kumtazama yeye. Hilo likamjibu.

Nikasikia mkanda wake ukifunguka, kisha mlango.

"Kinda, usishuke! Tuko katikati ya barabara!"

Alisimama nje akiwa ameshika mlango. Akageuza uso upande wa kulia, taratibu, kama ninavyofundisha. Akageuza kushoto. Akarudi kulia tena.

"Nimetazama, Baba," akasema. "Mwandikie huyo mtu wa ofisini."

Akafunga mlango bila kuubamiza, akavuka, akapotea nyuma ya lori la mchanga.

Nilitaka kushuka nimkimbilie. Bibi Mhazili akanishika mkono.

"Unakimbilia wapi? Gari la nani hili?" Akaiwasha injini. "Mwalimu, mimi nimeandika barua za wakubwa miaka thelathini na moja. Nimeandika za kufukuza watu na za kupandisha watu vyeo. Iliyonichoma daima ni ile ya mtu anayemharibia mwenziwe, halafu wanakunywa chai pamoja."

Nikarudisha mgongo kitini.

"Na nani kakanyaga breki?"

"Mimi, Bibi."

"Nilikuwa naendesha vizuri?"

"Vizuri."

"Basi usije ukaniandika kwenye kadi kwamba nilizimisha gari. Haya, toa mguu wako hapo, nikupeleke kwako."

Akanipeleka. Mizunguko miwili, taa tatu, kona ya soko yenye mikokoteni. Tulifika kwangu na breki yangu sikuigusa hata mara moja. Nilipaswa kumwambia. Sikumwambia, roho yangu haikuwa pale.

* * *

Mke wangu ni muuguzi. Alikuwa ametoka zamu, kaketi ukumbini, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi.

"Mbona umerudi mapema? Kinda kapiga picha?"

Nikamweleza. Yote, tangu Bado ya kwanza mpaka lori la mchanga. Nilieleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Nilingoja anitupie karai. Hakunitupia. Alitoa mguu mmoja, akaufuta. Akatoa wa pili, akaufuta. Mke wangu akipiga kelele mimi hulala usingizi mzuri. Akitulia namna ile, natamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo tulipokuwa tunaomba mezani, majibu yaje," akasema, "wewe ulikuwa unasema amina?"

"Nilikuwa namlinda."

"Amina ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Simu yake umepiga?"

"Imezimwa."

Akavaa ndala. "Wewe nenda studio. Mimi naanza kwa rafiki zake. Na mtoto wangu asipoonekana, usirudi hapa na hilo neno lako."

Studio ni chumba kimoja chenye pazia jeupe na kiti kirefu. Mpiga picha alikuwa anakata picha kwa mkasi.

"Binti yako? Kaja hapa saa nne na nusu," akasema. "Kapiga, kaondoka. Nilimwambia picha za pasi hazitaki kucheka. Akasema leo hilo halitampa shida. Kasahau kuzichukua, hizi hapa."

Akanipa bahasha. Ndani kulikuwa na Kinda wanne, wote wananitazama, wala hakuna aliyepinda kinywa kwa kulia. Mtoto kashushwa na maneno ya baba yake katikati ya magari, kavuka, kaja kupiga picha za safari ambayo kasikia imekufa. Niliketi kwenye kile kiti kirefu. Mpiga picha akaniuliza kama nami nataka za pasi.

Nilizunguka kwa mguu mpaka saa tisa. Shuleni hayupo, maktaba hayupo, kwa shangazi yake hayupo, tena shangazi akanifokea kwa kumtia hofu. Nilirudi nyumbani koo limekauka, nikapitia uani ninawe uso kabla sijakutana na mama yake.

Hapo ndipo nikasikia mtu anaongea.

Sauti ilitoka chumba cha Kimya. Kwanza nilidhani ni redio anayoitengeneza. Mwanangu huyu akikwambia sentensi mbili kwa wiki, shukuru. Lakini ile haikuwa redio.

"Uliposhuka ulijua uko wapi?"

"Sikujua." Huyo alikuwa Kinda. Nikashika ukuta. "Nilitafuta mtu mwenye duka anielekeze studio, si mtu anayepita. Kama ulivyoniambia."

"Kwa nini mwenye duka?"

"Kwa sababu kesho atakuwepo pale pale, hawezi kunidanganya akakimbia."

"Ulilia?"

"Nililia nyuma ya lori. Halafu nikaacha."

"Kulia ni sawa. Hukunipigia lakini."

"Sikuhitaji, Kaka. Ningehitaji ningepiga."

Nikasukuma mlango. Kinda alikaa juu ya kreti, kikombe cha chai mkononi. Kimya alikuwa na feni mapajani, bisibisi mdomoni. Wakanitazama kama wenye nyumba wanavyomtazama mgeni asiyebisha hodi.

"Haya ni mambo gani?" nikauliza. "Nani kamfundisha nani?"

Kinda alimtazama kaka yake. Kimya akatoa bisibisi mdomoni.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi anakwenda masomo ya ziada!"

"Mimi ndiye masomo ya ziada."

Akaeleza, na mimi nikasimama pale mlangoni nikiwasikiliza watoto wangu kama mtu anayesomewa hukumu. Miezi saba, kila Jumamosi, Kimya alimpeleka mdogo wake sehemu ya mji asiyoijua, akamwacha. Kinda arudi mwenyewe. Aulize, apotee, ale peke yake mahali penye watu wasiomjua, akae saa nzima bila kuongea na mtu, aone inavyokuwa. Sharti lilikuwa moja tu. Akishindwa apige simu, na kaka atakwenda pale pale, bila kumuuliza swali lolote.

"Kapiga mara ngapi?" nikauliza.

"Mara mbili."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda. Tukarudi. Tukanunua mihogo njiani."

"Hukumwambia ajikaze?"

Kimya aliweka feni chini. Alisimama. Nilikuwa nimesahau kwamba kijana huyu ni mrefu kuliko mimi.

"Baba, unakumbuka nilipiga simu mara ngapi?"

"Ulipiga lini?"

"Nilipokuwa kule. Nikakwambia nataka kurudi."

Msomaji wangu, nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau, na kukumbuka sasa ndiko kunakoniuma zaidi.

"Mara tatu," akasema mwanangu. "Ya kwanza wiki ya pili. Ukasema, vumilia kidogo, utazoea. Ya pili ukasema watu watasemaje. Ya tatu ulikuwa garini na mwanafunzi, ukasema utanipigia. Sikupiga tena. Sikumpigia mtu tena. Darasani nikaacha kwenda, nikawa nakaa chumbani, mwaka mzima, mpaka shule yenyewe ikanipandisha ndege."

Kinda alikuwa amefunika kikombe kwa viganja, machozi yanamwagika bila sauti.

"Unawaambia watu sikuwa tayari," Kimya akasema. "Unamwambia kila mtu. Mimi nilikuwa tayari kwenda, Baba. Wewe ndiye hukuwa tayari nirudi."

Akaketi, akachukua feni yake. Maneno ya miaka sita yalikuwa yamekwisha.

Nililia. Niandike wazi, maana nimeahidi kuwaambieni ukweli. Nililia mlangoni pa chumba cha uani nikiwa na bahasha ya studio mkononi, mke wangu akanikuta hivyo alipoingia anahema kutoka kumtafuta mtoto. Alimwona Kinda, akamkumbatia mpaka chai ikamwagika. Mimi hakunigusa.

* * *

Saa kumi tulikuwa mezani, wote wanne. Kimya hajakaa meza hiyo tangu sijui lini.

Kinda akatoa ukurasa wa tatu kutoka kwenye daftari lake. Alikuwa ameujaza siku ile ile fomu ilipofika, akanisubiri mimi na utulivu wangu.

Maswali yalikuwa machache. Chakula kinachokudhuru. Dawa unazotumia. La mwisho lilisema: ukitaka kurudi nyumbani kabla ya wakati, ni nani utakayemwambia kwanza?

Hapo palikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Kinda alikuwa ameandika neno moja: Kaka.

"Kwa nini si mama yako?" nikauliza. Niliona haya kujitaja.

"Mama angenipokea," Kinda akasema. "Halafu angekuja kukuomba ruhusa wewe."

Mke wangu akatazama kitambaa cha meza. Hakubisha.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikakata neno Bado kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: Yuko tayari. Nikafuta yale maelezo ya kadi. Nikasaini. Kisha nikafanya jambo nililoliona kubwa kuliko saini. Niliinama, nikafungua kamba, nikavua viatu vyangu, nikaviweka juu ya meza katikati yetu, nikabaki na soksi tupu miguuni.

Kila mtu katika nyumba ile anajua maana yake. Mke wangu akaziba mdomo. Nilingoja Kinda anikumbatie kama yule mwanafunzi wangu.

Kinda alivitazama viatu. Akavisukuma taratibu kurudi upande wangu.

"Bado, Baba."

"Bado nini? Si nimesaini?"

"Umesaini kwa sababu umeshikwa. Ikiwa ni hivyo nitapata nafasi, lakini sitakuwa na pa kurudi." Akasimama, akachukua fomu na simu yake. "Mimi umenipima kwenye karatasi, kwa siri. Mimi nitakupima hapa hapa, mbele ya watu. Ukifaulu, naituma fomu sasa hivi. Usipofaulu, sijui. Nitafikiria mpaka kesho."

"Utanipimaje?"

Alitoka mpaka uani. Kupitia dirishani nilimwona akisimama karibu na kamba ya nguo, ametupa mgongo, simu sikioni.

Simu yangu ikalia mezani. "Kinda anapiga," ikasema ile sauti ya bati.

Nikapokea. Mke wangu ananitazama. Kimya ananitazama.

"Halo, Baba?" Sauti yake ilikuwa mbali, na ilikuwa inatetemeka, wala sidhani aliigiza. "Ni siku ya tisa leo. Nimeshindwa, Baba. Nataka kurudi nyumbani."

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimepewa saa moja tu iliyopita, na aliyenipa alikuwa ameketi mbele yangu. Mwanafunzi gani atafeli mtihani ambao majibu yake kayasomewa mlangoni?

Nikafungua kinywa. Nikawaza sanduku jekundu. Nikawaza nafasi waliyoikosa watoto wangapi. Siku ya tisa tu! Na kinywa, kama mguu, kina mazoea yake.

"Vumilia kidogo, mwanangu," nikasikia nikisema. "Utazoea."

Kule uani, Kinda alishusha simu kutoka sikioni. Hakugeuka.

"Neno kwa neno," Kimya akasema.

Mke wangu akainuka aende kwa mtoto. Kimya akamshika kanga. "Mwache, Mama. Hajamaliza."

Niliketi pale, viatu vyangu mezani, soksi miguuni, fomu yangu iliyosainiwa kwapani mwa mtoto asiyeitaka. Nilimtazama mgongo. Aliutazama ule ukuta wa uani kwa muda ambao naweza kuapa ulikuwa mrefu kuliko miezi kumi na minne. Kisha akainua simu tena.

Mezani, simu yangu ikalia.

"Kinda anapiga," ikasema.

Nikamtazama Kimya anisaidie. Kimya alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza, kama kijana anayesubiri simu yake mwenyewe ipokelewe.

Nikabonyeza kupokea, na safari hii nikaziba mdomo kwa mkono mpaka yeye amalize kusema.